ATV kutembea barabarani kihalali: karatasi kwanza, ekseli ya pili, taa zije mwisho

Mtema Vumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara anaibuka mtu humu na swali lile lile kuhusu ATV, yaani zile pikipiki za magurudumu manne za porini na shambani: "Nina ATV, nataka niitumie barabarani, nifunge indiketa gani?" Na majibu yanayomiminika ni ya indiketa, vioo na honi, kana kwamba askari akiona taa zinapepesa kila kitu kimekwisha. Nimeona niandike uzi mmoja wa maana, atakayeuliza tena tumtupie kiungo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wanaotaka kupinga wajipange. Taa ni kazi rahisi kuliko zote na ndiyo ya mwisho. Ya kwanza ni karatasi, ya pili ni ekseli ya nyuma pamoja na matairi. Ukikwama kwenye hizo mbili, hela ya indiketa umenunulia mapambo.

Tuanze na karatasi. ATV nyingi zinatoka kiwandani na stika kwenye madigadi au tangi inayosema chombo hiki si cha barabara ya umma. Watu wanaibandua wakidhani ni woga wa wanasheria tu. Stika hiyo maana yake mtengenezaji hakuipeleka kupimwa kwa viwango vya chombo cha barabarani, hivyo hakuna cheti cha kumwekea msajili mezani. Kule Marekani viwango vya serikali kuu vya magari na pikipiki za barabarani haviigusi ATV hata kidogo. Yenyewe iko chini ya kanuni za usalama wa bidhaa za walaji, na suala la kuiruhusu barabarani wameachiwa majimbo. Ndiyo maana Arizona na Utah mtu anafunga vifaa vinavyotakiwa, anasajili, anapewa namba na maisha yanaendelea, wakati jimbo jingine chombo hicho hicho kinaruhusiwa kukatisha barabara tu.

Ulaya wao wanashughulika na chombo kabla hakijauzwa. Kanuni namba 168/2013, iliyoanza kutumika rasmi 1 Januari 2016, ina kundi linaloitwa L7e-B1, ambalo ndilo la ATV: usukani wa pikipiki, unaketi kwa kupanua miguu, viti visizidi viwili, mwendo wa kiwandani usizidi km 90 kwa saa, na uwazi wa chini usipungue milimita 180. Kuna na mlango wa pili ambao watu wengi hawaujui, nao ni kuisajili kama trekta. Kundi T3 ni la matrekta ya magurudumu yasiyozidi kilo 600, na likiwa T3b lina mwendo wa zaidi ya km 40 kwa saa. Usishangae basi kumwona mtu anapita kwenye lami na ATV yenye cc nyingi, na kwenye kadi imeandikwa trekta.

Funzo la kazi hapo ni dogo. Kabla hujashika spana, piga picha namba ya chasisi na kibao cha mtengenezaji, nenda kwa mamlaka ya usajili ya nchi yako, uliza maswali matatu: chombo hiki kinaingia kundi gani? Kundi hilo linaruhusu kusajili chombo kilichobadilishwa baada ya kutoka kiwandani? Kama linaruhusu, fomu ya ukaguzi ina orodha gani? Omba orodha hiyo kwa maandishi. Ukiambiwa swali la pili jibu ni hapana, rudi nyumbani, uza, nunua iliyotoka kiwandani na cheti cha kulingana na viwango. Itakugharimu kidogo kuliko kubishana.

Sasa ekseli, na hapa naomba msome polepole.

ATV nyingi, hasa za michezo, zina ekseli moja nzima nyuma, haina difu (kifaa kinachoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti). Magurudumu mawili yamefungwa pamoja, yakizunguka yanazunguka sawa. Sasa piga hesabu: kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kuna mita moja. Unakata kona ya nyuzi 90. Gurudumu la nje lazima litembee takriban mita 1.57 zaidi ya la ndani, na haijalishi kona ni pana au kali, tofauti ni ile ile. Kwenye matope au mchanga tofauti hiyo inamezwa, tairi inateleza na wala huhisi. Kwenye lami kavu tairi imeshika. Mita moja na nusu inatafuta pa kwenda na haipati.

Matokeo yake utayahisi kwenye mikono. Unakata usukani, chombo kinasukuma kwenda mbele moja kwa moja. Unaongeza usukani, bado kinasukuma, halafu ghafla tairi ya mbele inashika na mwili mzima unatupwa upande wa nje. Ndiyo maana kanuni ile ya Ulaya imeweka sharti kabisa kwamba kila gurudumu liweze kuzunguka kwa kasi yake ili kona zikatwe salama kwenye barabara ngumu, na kama kuna difu ya kufunga, basi hali yake ya kawaida iwe ni wazi.

Kujua yako ni ipi huhitaji kitabu. Nyanyua nyuma, weka stendi imara, weka gia (yenye CVT, yaani gia za mkanda zinazojibadilisha zenyewe, iweke kwenye P ya kuegesha), zungusha gurudumu moja kwa mkono. Likigoma kabisa, ekseli ni moja. Likizunguka na la pili likaenda kinyume, una difu na iko wazi. Zipo ATV za kazi zenye swichi ya kufungua difu ya nyuma. Jaribu swichi ikiwa sehemu zote mbili.

Matairi nitayamaliza kwenye komenti, simu inaisha chaji.

---

Kona Kali

Mkuu uzi mzuri ila hapo kwenye ekseli umepiga chumvi. Zile gokati za mashindano zina ekseli moja nzima, haina difu, zinakimbia kwenye lami tupu na zinakata kona kuliko gari lako. Kama fizikia yako ni ya kweli zingekuwa zinapinduka kila siku.

---

Mtema Vumbi

Kona Kali, hoja yako ni nzuri na nilikuwa naisubiri. Gokati inakata kona kwa sababu imeundwa inyanyue gurudumu la nyuma la ndani. Pembe za usukani wake zimewekwa hivi kwamba ukikata, tairi ya mbele ya ndani inashuka, fremu inajipinda kidogo, na gurudumu la nyuma la ndani linaacha lami. Kwa sekunde ile unaendesha kwa gurudumu moja la nyuma, kwa hiyo tatizo la mita 1.57 halipo.

Sasa gokati dereva amekaa sentimita chache kutoka chini. ATV umekaa juu ya injini, uwazi wa chini ni mkubwa na shokapu ni laini. Gurudumu la ndani likinyanyuka kwenye ATV, hicho ndicho mwanzo wa kupinduka. Fizikia ni moja, tofauti ni kitovu cha uzito kiko wapi.

---

Kona Kali

Sawa, nimekubali hilo la kimo. Lakini bado nasema mwendesha mzuri anainamia ndani ya kona na inakata. Nimeendesha hivyo kwenye lami na niko hai.

---

Mtema Vumbi

Kuinama kunasaidia, sibishi. Ila barabarani kuna mtoto anakatisha, kuna lori linakuja, unatakiwa kukata ghafla bila kujiandaa kuinama. Sheria haipimi siku uliyokuwa vizuri.

---

Dada Waya

Nimefurahi mmeweka taa mwisho, maana zikiwekwa mwanzo ndipo wanapokuja kwangu na kifurushi cha waya wa rangi moja na betri imekufa. Ngoja niongee upande wangu.

Kwanza jueni ATV inazalisha umeme kiasi gani. Koili ya kuchaji iliyo chini ya flaiwili ilipimwa na kiwanda kwa taa mbili za mbele, taa ya nyuma, plagi na feni kama ipo. Ukiwa kwenye foleni injini inazunguka polepole na umeme unashuka sana. Sasa jumlisha: balbu mbili za mbele za wati 35 ni 70, taa ya breki 21, indiketa mbili za wati 10 ni 20, taa ya namba 5, taa ndogo ya nyuma 5, honi ya ampea 3 ni kama wati 36 ukibonyeza. Feni ikiingia hapo unakula betri. Kwa hiyo chochote unachoongeza kiwe LED, na iwe LED yenye alama ya kuruhusiwa barabarani. Zile za sokoni zisizo na alama yoyote mkaguzi anazijua kwa kuziangalia tu.

Pili, ukifunga indiketa za LED kwenye rilei ya zamani (kile kifaa kinachozipepesesha), zitapepesa kwa kasi kama zimepagawa, au ziwake bila kupepesa kabisa. Rilei ya zamani inategemea mzigo wa balbu. Mwendo unaokubalika ni kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Dawa ni rilei ya kielektroniki isiyojali mzigo. Watu wanafunga rezista ili kuidanganya rilei, inafanya kazi, lakini rezista inapata moto na unarudisha ule mzigo wa umeme uliokuwa unaukimbia.

Tatu, hii inawatesa mafundi wengi. Dashibodi ina taa moja tu ya indiketa, na imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Kwa balbu za kawaida inafanya kazi vizuri. Ukiweka LED, ukiwasha kushoto zinapepesa zote nne, kwa sababu umeme mdogo unapita kwenye ile taa ya dashibodi kwenda upande wa pili, na LED haihitaji umeme mwingi kuwaka. Mtu anabadilisha swichi, anabadilisha rilei, anakata tamaa. Weka dayodi mbili (zinapitisha umeme upande mmoja tu), moja kutoka kila upande kwenda kwenye taa ya dashibodi, mguu wake wa pili upeleke kwenye bodi. Kazi ya nusu saa.

Nne, taa ya breki. ATV nyingi zina swichi upande mmoja tu, mkono au mguu. Mkaguzi atabonyeza vyote viwili. Ongeza swichi ya pili, ziunge sambamba. Na fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi iliyo mbali hailindi waya ulioko kabla yake.

---

Mwanafunzi wa Spana

Dada Waya asante sana. Swali: yangu ina ile taa ndefu ya LED juu ya usukani, inamulika balaa. Si ndiyo bora zaidi kwa usalama usiku?

---

Dada Waya

Kwenye pori ni bora. Barabarani ni hatari, na karibu kila mahali ni kosa kuiwasha. Taa ya barabarani lazima iwe na fulu na dimu, na dimu iwe na mkato, mwanga usipande kwenye macho ya anayekuja. Taa ndefu haina mkato, inamwaga tu. Ukiibakiza, iwe na swichi yake peke yake, na ukiwa barabarani iwe imezimwa na kufunikwa.

Kitu kingine, ukinunua taa ya gari ya kufungia hapo mbele, angalia kioo chake. Taa za viwango vya Ulaya zenye alama ya E ndani ya duara zinatofautiana kwa upande wa barabara. Isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Yenye mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto. Mshale wenye vichwa viwili unafaa pote. Ukifunga isiyo yako, unammulikia anayekuja machoni hata ukiwa kwenye dimu. Njia rahisi ni taa ya pikipiki, kwani nyingi mwanga wake uko sawa pande zote, hauna kushoto wala kulia.

---

Mtema Vumbi

Umenena dada. Nimerudi, namalizia matairi.

Soma ubavu wa tairi yako. Utaona kitu kama 25x8-12: kipenyo inchi 25, upana 8, rimu 12. Pembeni yake tafuta herufi NHS. Hizo ni za tairi lisilotengenezwa kwa ajili ya barabara kuu. Tairi la ATV la kawaida ni la upepo mdogo, viwango vya Marekani vinalielezea kama tairi linaloshauriwa kujazwa psi 10 au chini ya hapo. Limekusudiwa kulala juu ya mawe na kulegea. Kwenye lami kulegea huko ndiko kunakuyumbisha, na yale makucha yanajikunja kila unapokata kona. Yanachakaa upesi pia, lakini hilo ni la mfuko wako.

Tairi la barabarani lina alama ya E au DOT, na lina namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Mfano 40J: 40 ni kilo 140 kwa tairi moja, J ni km 100 kwa saa. F ni km 80. Pima uzito wa chombo, ongeza wako na wa mizigo ya kwenye keria, ukumbuke nyuma ndiko kunabeba zaidi. Usigawe kwa nne ukalala.

Na ukibadilisha kipenyo, spidomita inaanza kusema uongo.

---

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma uzi wote. Niseme kwa niaba ya watu wa upande wa pili wa meza, maana mnatuogopa bila sababu.

Kwenye spidomita Mtema Vumbi ameishia njiani. Kanuni ya kimataifa haitaki isome pungufu ya mwendo halisi. Kusoma zaidi kidogo inavumiliwa. Ukitoka inchi 25 kwenda 22, kila mzunguko wa tairi unakupeleka umbali mfupi zaidi, kwa hiyo spidomita inayohesabu mizunguko itasoma juu. Gawa 25 kwa 22 unapata kama 1.14, maana yake ukiwa km 50 inakuonyesha 57 hivi. Hiyo ni pengo kubwa, irekebishe. Lakini mwenye kutoka inchi 22 kwenda 25 ndiye hatari: anaona 50 na anakwenda karibu 57. Huyo simpitishi.

Kuhusu kelele. Watu wanakuja na ekzosi ya mashindano wanasema "lakini haisikiki sana." Kipimo cha chombo kikiwa kimesimama kina utaratibu: kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya nyuzi 45, injini inapandishwa hadi mizunguko iliyopangwa na kushikiliwa hapo. Arizona kwa mfano kikomo cha magari ya nje ya barabara ni desibeli 96. Ekzosi nyingi za kununua pembeni zina kiziba sauti cha ziada kinachokuja kwenye boksi, na mtu anakitupa siku ya kwanza. Kihifadhi.

Mambo madogo yanayowaangusha wengi, na nayataja bila mpangilio: madigadi hayafuniki upana wa tairi baada ya kufunga spesa za rimu (vile vipande vya kusogeza tairi nje). Indiketa zimefungwa kwenye madigadi ya plastiki yanayocheza, ukiwasha injini zinatikisika hadi hujui zinawaka au hazijawaka. Vioo vya pembeni vidogo, mwenye chombo akikaa anaona viwiko vyake tu. Kibao cha namba kimefungwa kwa kuinama sana, na taa yake ni ya bluu badala ya nyeupe. Breki ya kuegesha ni kamba ya mpira kwenye mkono wa breki (nimeiona, na mwenyewe alikuwa anajivunia). Viakisi mwanga vyekundu vya nyuma havipo.

Nami naunga mkono mpangilio wa uzi. Chombo chenye taa safi na ekseli nzima tunakiona sana. Kwa nje kinapendeza. Tukikipeleka kwenye uwanja na kukata duara la taratibu, tairi ya nyuma ya ndani inaanza kuruka-ruka na kulia, na hapo fomu inafungwa.

---

Kona Kali

Mzee shikamoo. Hiyo ya kuruka-ruka nimeisikia kweli nikigeuza kwenye maegesho. Nilidhani ni bearing.

---

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba kijana. Si bearing. Ni ile mita moja na nusu ya mwenzako inatafuta njia ya kutoka.

---

Shamba Langu

Mimi ni mkulima, naishi Uingereza. Huku kuna njia ya katikati ambayo wengine mngeitafuta kwenye sheria zenu. ATV ya kilimo yenye kiti kimoja cha dereva na uzito mtupu usiozidi kilo 1,000 inaweza kusajiliwa kama chombo chepesi cha kilimo. Unaruhusiwa kupita barabara ya umma kutoka kipande kimoja cha shamba lako hadi kingine, umbali usiozidi kilomita 1.5. Namba lazima uwe nayo, bima lazima, ila ukaguzi wa kila mwaka hauhusiki. Ukitaka kwenda nayo dukani au kanisani, hiyo imeshatoka kwenye kilimo, unarudi kwenye njia ndefu ya kupimwa chombo kimoja kimoja, usajili kamili na leseni ya gari.

Helmeti huku kwa ATV ya magurudumu manne sheria hailazimishi. Vaa tu.

---

Mwanafunzi wa Spana

Wakuu, kuhusu bima. Si ukishapata namba kampuni yoyote inakukatia?

---

Mtema Vumbi

Namba na bima ni vitu viwili. Bima nyingi za ATV zimeandikwa kwa ajili ya shamba au michezo, na ndani kuna kifungu kinachotoa matumizi ya barabara ya umma. Mtu anakuwa na namba halali, karatasi ya bima mkononi, na akigonga hana kinga. Ukienda, waambie kwa maandishi mambo mawili: kwamba itatumika barabarani, na kwamba imebadilishwa, ukiorodhesha nini kimebadilishwa. Badiliko ambalo hukulitaja ndilo watakalolitumia kukukatalia.

Na leseni msiisahau. Kuna nchi ATV inaendeshwa kwa leseni ya gari, kuna inayotaka ya pikipiki, na ikisajiliwa kama trekta ni habari nyingine tena. Inafuata kile kilichoandikwa kwenye kadi, si idadi ya magurudumu.

---

Babu Gia

Mimi nina ile ya zamani ya magurudumu matatu, injini bado ngumu kabisa. Haihitaji difu kubwa, ni nyepesi. Inaweza kupita?

---

Mtema Vumbi

Babu shikamoo. Hiyo iache kwenye banda lako, au uipande siku ya sherehe kwenye uwanja wako. Zile za magurudumu matatu ndizo zilizoanzisha biashara yote, Honda walianza kuziuza Marekani mwaka 1970. Ila kufikia 1988 watengenezaji wakubwa na serikali ya kule walifikia makubaliano mahakamani na mauzo ya mpya yakakoma, kwa sababu ya jinsi zilivyokuwa zinapinduka. Ina ekseli nzima ile ile nyuma, na mbele ina gurudumu moja la kuzuia mwili wote. Kwenye lami ni mbaya kuliko zote tulizozitaja. Ukitaka nikusaidie kuitunza kama kumbukumbu, nipo.

---

Babu Gia

Marahaba. Nimeelewa mwanangu. Vipi zile fremu za chuma za nyuma ya kiti nilizoona Australia? Zinasaidia barabarani?

---

Mkaguzi Mstaafu

Zile ni sharti kule tangu 11 Oktoba 2021 kwa ATV mpya za kazi zinazouzwa. Zimewekwa kwa ajili ya shamba, chombo kikipinduka kibakishe nafasi kisimlalie dereva. Hazikifanyi kiwe cha barabarani, na baadhi ya watengenezaji waliamua kuacha kuuza ATV kule kuliko kuzifunga. Ukifunga moja kwenye chombo unachotaka kukisajili, itaje kwenye fomu, maana imebadilisha urefu na uzito.

---

Mwanafunzi wa Spana

Swali langu la mwisho naahidi. Kiti changu ni kirefu, watu wawili tunaenea vizuri. Nikisajili naweza kubeba mtu?

---

Mkaguzi Mstaafu

Kuenea si kigezo. Kiti kirefu kwenye ATV ya mtu mmoja kimewekwa dereva asogee mbele akipanda kilima na nyuma akishuka. Ya watu wawili inatoka kiwandani na umbali mrefu zaidi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina mahali pa miguu na pa kushika pa abiria, na kibao chake kinaonyesha uzito unaoruhusiwa kwa wawili. Angalia kibao. Kikisema mmoja, kadi itaandikwa mmoja, na abiria wako akikaa hapo bima nayo imeondoka.

---

Dada Waya

Na akishuka huyo abiria, kagua kama hakukanyaga waya wa taa ya namba. Huwa unapita pale pale chini ya kiti, na hakuna anayeufunika kwa bomba.